Mbwa Anayekimbia Nyuma ya Baiskeli

Mbwa sita wanachomoka vizimbani kwa mkupuo mmoja. Wa kwanza kavishwa kizibao chekundu, wa pili cha buluu, wa tatu cheupe, wa nne cheusi, wa tano cha rangi ya chungwa, wa sita cha mistari myeusi na myeupe. Wanazunguka uwanja kwa nusu dakika hivi, mmoja anatangulia, namba zinatokea kwenye skrini, na kabla kijana mwenye tiketi hajamaliza kulalamika, sita wengine wameshajipanga. Mbio hizi huonyeshwa katika vibanda vya kubeti vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na katika miji ya njiani ambako madereva na matingo hupoteza saa wakisubiri mzigo au fundi. Mbwa wenyewe hawapo. Ni michoro ya kompyuta. Hawahemi, hawavunjiki mguu kwenye kona, hawazeeki, na hakuna anayelazimika kujiuliza wanalala wapi.

Hao ndio mbwa wa mbio wa aina ya greihaundi pekee ambao wengi wetu tutawahi kuwaona. Wale wa kweli wana mwili: kifua kipana, tumbo lililoingia ndani, miguu mirefu iliyotengenezwa kwa kazi moja. Wanapofungua mbio wanakaribia kilomita 70 kwa saa. Mwaka 1919, huko Emeryville, California, Mmarekani aitwaye Owen Patrick Smith alifungua uwanja ambamo mbwa walimkimbiza sungura wa bandia aliyevutwa kwa mtambo. Mwaka 1926 mchezo huo ulifika uwanja wa Belle Vue, Manchester, na kutoka hapo ukawa biashara kubwa. Sungura yule hakamatwi kamwe. Mbwa humkimbiza mpaka miguu ipungue kasi, na hilo hutokea mapema, mara nyingi kabla hajafikisha miaka mitano, ilhali ana uwezo wa kuishi miaka 12 na zaidi. Ile miaka iliyobaki haina tiketi wala dau, na ndiyo iliyozaa harakati za kuwaokoa mbwa wa mbio.

Harakati hizo zimefika mbali. Novemba 2018 wapiga kura wa Florida waliamua kubeti kwa mbio za mbwa kukomeshwe katika jimbo lao, na hadi mwisho wa mwaka 2020 viwanja vyote vilikuwa vimeacha kuwakimbiza. Mwaka huohuo wa 2018, Macau, uwanja wa Canidrome ulifungwa na kuacha nyuma mbwa zaidi ya 500 ambao ilibidi watafutiwe makao. Desemba 2024 serikali ya New Zealand nayo ikatangaza kwamba itaufunga mchezo huo. Nyuma ya kila uamuzi wa namna hii kuna watu waliokaa miaka wakibisha hodi kwenye milango ya wenzao, na miongoni mwao wapo wanaosafiri mamia ya kilomita kwa baiskeli, mji hadi mji, wakimweleza kila anayewauliza kwamba mbwa aliyestaafu bado ni mbwa.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya watu walioshiba. Sikubaliani nao. Anayemtumikisha mnyama, awe anampeleka uwanjani au anamlaza mlangoni alinde mbuzi, amejitwika deni. Ninachotaka kukiangalia ni namna deni hilo linavyolipwa wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro, Tanzania, ambako hakuna uwanja wa mbio, na ambako mbwa hajawahi kuwa mchezo.

Baiskeli, kwanza, haihitaji kutambulishwa huku. Kwa miaka mingi mkaa wa Kilosa umeteremka vilimani juu ya baiskeli zenye keria iliyoongezewa nondo, magunia mawili au matatu yamesimamishwa na kufungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Kwenye mwinuko mwenye mzigo anashuka, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya gunia, anasukuma huku mwili wote umelala mbele. Kwenye mteremko anaburuza soli ya kandambili ardhini kwa sababu breki peke yake haitoshi. Baiskeli hizohizo hubeba mahindi kwenda mashine, mgonjwa kwenda zahanati, mtoto kwenda kliniki. Kumwambia mtu wa hapa kwamba unaendesha baiskeli kilomita nyingi kwa ajili ya jambo fulani si kumshangaza. Atakuuliza jambo gani.

Tena baiskeli ndicho chombo ambacho mbwa hukifikia. Gari hupita, mbwa hubweka vumbi. Mwenye baiskeli hukutana na kila mbwa wa kijiji, atake asitake. Anamsikia kabla hajamwona, anainua miguu au anashuka na kuiweka baiskeli katikati yao, na wakati huo mwenye mbwa ameshatoka uani akiita. Hapo salamu zimeanza. Sijui njia nyingine ya kusafiri inayokuingiza uani kwa watu upesi namna hiyo.

Njia ya kutoka Kilosa mjini hadi Mikumi ni zaidi ya kilomita 70, ukipitia kata za Zombo na Ulaya, milima ikiwa mkono wa kulia na mbuga ya Mkata ikitandaa kushoto. Niliipita kwa baiskeli wakati wa kiangazi nikiwa na rafiki yangu mtaalamu wa mifugo. Asubuhi njia ni ya wanaokwenda shamba, na nyuma ya baiskeli moja baada ya nyingine utamwona mbwa. Jembe limefungwa kwenye fremu, kidumu cha maji kinaning'inia kwenye usukani, na mbwa anakimbia hatua chache nyuma ya gurudumu, upande wa kivuli kama kipo. Hakuna kamba. Mwendo ukipungua naye anapunguza. Anakwenda kazini. Mahindi ya Kilosa yana wageni wengi: nyani na ngedere mchana, nguruwe pori usiku, na familia isiyo na mbwa hulazimika kumweka mtoto shambani siku ambazo angekuwa shule.

Kwa karibu, mbwa huyu ana rangi ya udongo wa njia, mbavu zinahesabika, mkia umejikunja juu ya mgongo. Ncha za masikio yake zimeliwa na inzi mpaka zimekuwa kingo nyeusi zilizokauka, na kila baada ya muda anatikisa kichwa kwa nguvu, masikio yanapiga mashavu, inzi wanaruka na kurudi palepale. Chini ya shingo kupe wamejipanga kwenye mkunjo ambao hafikii kujikuna. Macho ni mazima, yanafuata mkono wako. Rafiki yangu alipochuchumaa mbele ya mmoja wao karibu na Ulaya, mbwa alitazama kwanza kwa mwenye mji, kama anayeomba ruhusa.

Mwenye mji alikuwa mzee, amekaa kwenye kigoda akipukuchua mahindi. Tulimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnatoka wapi na jua hili?"

Tulimwambia tunatoka Kilosa, tunaelekea Mikumi, na tunazungukia habari za mbwa. Mikono yake ikasimama juu ya bunzi.

"Za mbwa? Huyu wangu kakosa nini?"

Swali hilo limekaa nami kuliko kitu kingine chochote cha safari ile. Kwa mzee yule, mgeni anayeulizia mbwa amekuja na bunduki au nyama yenye sumu. Hakuwa anakosea: katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtu anapoumwa, jibu la haraka limekuwa kuwaua mbwa wanaozurura, na anayezurura hutambuliwa kwa kuwa tu hajafungwa. Kumbe watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Tanzania wamekuta kwamba karibu mbwa wote wanaotembea huru wana wenyewe. Wana majina. Wana mahali pao pa kulala, jivuni au chini ya ghala. Hawafungwi kwa sababu mbwa aliyefungwa hawezi kumkimbiza nyani.

Hapa ndipo njia yetu inapoachana na ya wenzetu wa greihaundi. Wao humtoa mbwa pale alipokuwa, wakamtafutia nyumba mpya, hata nchi mpya. Mbwa wa Zombo hahitaji kutolewa popote. Nyumba anayo, mwenyewe anaye, kazi anayo. Anachokosa kinaweza kumfuata hapohapo uani, na kikubwa kuliko vyote ni chanjo.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zikishaanza, tiba hakuna. Virusi hukaa kwenye mate; mtu akiumwa, husafiri polepole kwenye neva kuelekea kwenye ubongo, kwa wiki au miezi, na muda huo wote aliyeumwa bado anaweza kuokolewa kwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kuwahi sindano. Louis Pasteur alionyesha hilo Julai 1885 kwa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister. Lakini hadi leo Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kwa mwaka, karibu vyote vikitokana na mbwa, na vinne katika kila kumi ni vya watoto chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifikia karibu watu 1,500 kwa mwaka. Ni watoto kwa sababu watoto ndio hucheza na mbwa, na ndio huficha jeraha dogo wakiogopa kugombezwa.

Kuua mbwa hakuuondoi ugonjwa huu. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilivamiwa na kichaa cha mbwa mwaka 1997. Karibu nusu ya mbwa wa kisiwa waliuawa, na ugonjwa ukabaki. Ukimwua mbwa aliyechanjwa umebomoa ukuta kwa mikono yako, na nafasi yake itachukuliwa na mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa. Kinachofaa ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi, na kurudia. Kurudia ndiko kugumu. Mbwa wa kijijini hawaishi sana, wanazaa sana, na ndani ya mwaka mmoja idadi ya waliochanjwa hupungua yenyewe bila mtu kufanya kosa lolote.

Pemba inaeleza yote mawili, nguvu ya chanjo na haja ya kuirudia. Kisiwa hicho, ambacho watu wake karibu wote ni Waislamu na mbwa si wengi, kilifanikiwa kuutokomeza ugonjwa mwaka 2014 kwa chanjo. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka Bara. Wakachanja upya, na kufikia 2018 ukatoweka tena. Kama bahari haikutosha kuuzuia, mpaka wa wilaya hauwezi. Kilosa ikichanja na majirani wasichanje, kazi ni nusu.

Kwa muda mrefu sababu iliyotolewa kuhusu vijiji vya mbali ilikuwa friji. Chanjo inataka baridi, umeme haupo, gari lenye makasha ya barafu halifiki masika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukiwa na mizizi katika kazi ya Serengeti, ulionyesha kwamba chanjo ya mbwa inayotumika sana hustahimili nyuzi 25 za joto kwa miezi sita na nyuzi 30 kwa miezi mitatu bila kupoteza nguvu. Baadaye watafiti wa Tanzania wakaendelea kuijaribu katika vyombo vya kupooza vinavyotengenezwa nchini kwa udongo, vinavyofanya kazi kwa maji yanayokauka, kanuni ileile inayoyafanya maji ya mtungi kuwa baridi mchana wa joto. Maana yake ni kwamba dozi zinaweza kukaa kijijini, kwa mtu wa kijiji aliyefunzwa, na zikasambazwa kitongoji kwa kitongoji bila kungoja msafara wa magari. Nilipolielewa jambo hilo niliitazama keria ya baiskeli yangu kwa macho mengine.

Siku ya chanjo, watoto ndio huleta mbwa. Mzee ana shughuli, mama yuko shambani, kwa hiyo utaona mtoto wa darasa la tatu anamvuta mbwa mzito kumshinda, kwa kamba ya katani au kipande cha waya wa umeme, na mwingine amemkumbatia mtoto wa mbwa kifuani ndani ya sare ya shule. Wengi hudhani vitoto vya mbwa havichanjwi. Vinachanjwa, na visipochanjwa ndivyo vinavyoishusha kinga ya kijiji. Mbwa aliyekwisha kuchanjwa huvishwa utepe shingoni, na mtoto huondoka na kadi akiishika kwa mikono miwili.

Kuna neno la dini lazima niliseme, kwa sababu njiani tuliulizwa. Kilosa ina Waislamu wengi, na wapo waliokuwa wakimpisha mbwa tuliyekuwa tukimzungumzia kwa heshima lakini kwa umbali. Methali tunayo: ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Sioni ugomvi wowote. Mate ya mbwa kuwa najisi ni sheria ya tohara, na anayeishika ana haki yake. Haimwondolei mbwa haki ya maji. Sura ya Al-Maida inaruhusu kula windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa. Mbwa wa watu wa pangoni ametajwa ndani ya Al-Kahf. Na hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza khofu yake maji, akaishika kwa meno akapanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, imo katika Bukhari na Muslim, na malipo yake ni msamaha wa Mwenyezi Mungu. Watu wa pwani na wa huku wamesimuliana habari hiyo zamani sana, kabla hakijaja chama chochote cha kutetea wanyama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imeyaweka mambo hayo kwa lugha ya Bunge, mnyama asiteswe kwa njaa, kiu wala maumivu yasiyo na sababu. Ni sheria nzuri. Ila pale uani kwa mzee, kisima na khofu vilieleweka upesi zaidi.

Ukifika Mikumi mjini, jambo linapanuka. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati yake kwa kilomita 50 hivi. Mwenye baiskeli anayerudi Morogoro hafai kuipita sehemu hiyo kwa kukanyaga pedeli. Tembo na nyati hawana habari na safari yake, na malori nayo hayana nafasi ya kumkwepa. Alipakie baiskeli kwenye gari. Mbwa wa nyumbani haruhusiwi hifadhini kabisa, na hiyo si dharau. Ndani humo wanaishi mbwa mwitu, mnyama adimu mwenye madoa na masikio ya mviringo, ambaye kusini mwa Tanzania ni moja ya ngome zake kubwa duniani. Kichaa na homa kali ya mbwa huweza kuangamiza kundi zima. Mwaka 1994 virusi vya homa hiyo, vilivyohusishwa na mbwa wa vijijini, viliua simba wapatao 1,000 Serengeti, theluthi ya simba wote wa pale. Mbwa wa Zombo anayemkimbiza nguruwe mpaka ndani ya pori hajui mpaka uko wapi. Sindano anayochomwa uani kwa mzee inamlinda mjukuu wa mzee, na inamlinda mbwa mwitu ambaye mzee pengine hatamwona maisha yake yote.

Lakini narudi kwa deni, maana chanjo ni nusu yake. Yule mbwa wa mzee alikuwa na meno yaliyochakaa. Mzee alituambia mwenyewe kwamba mwaka huu haendi naye shamba la mbali, anamwachia dume changa. "Huyu sasa analinda kuku," alisema, na kuku walikuwa wachache. Hakutaka kumtupa porini, kama wengine wafanyavyo na mbwa aliyekwisha nguvu. Alimwachia ukoko wa ugali kwenye kifuu, na kivuli cha mwembe. Nimesoma mengi kuhusu nyumba za kuwatunzia mbwa waliostaafu katika nchi tajiri, na ninawaheshimu kwa dhati wanaozijenga. Mzee yule alikuwa ameshafanya kazi hiyohiyo bila kuitafutia jina, na alistahili kusaidiwa kuifanya: dawa ya kupe, mafuta ya kupaka masikio inzi wasitue, na mtu anayejua kumhasi mbwa bila kumtesa.

Mbwa wake aliwahi kuchanjwa mara moja. Walikuja na gari, alisema, wakachoma mbwa wa kijiji chote siku moja, wakaondoka. Na alipotuona tunapanda baiskeli akauliza, "Nanyi mtarudi lini?"

Rafiki yangu alimjibu Septemba. Mavuno yatakuwa yameingia ghalani, njia bado kavu, watu wako nyumbani, na tarehe 28 ya mwezi huo ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895. Tumeanza daftari: kitongoji, mwenye mbwa, jina la mbwa, umri, lini alichomwa. Kijana mmoja wa Zombo mwenye baiskeli yake amekubali kulishika kwa upande wake, na tunatafuta mwingine wa Ulaya. Kinachobaki ni kuzungumza na idara ya mifugo ya wilaya kuhusu dozi na mafunzo, kumpata mfinyanzi, na kuhesabu mbwa wa upande wa Mikumi, ambako bado hatujaandika hata mmoja.